Herufi zilizokosekana: safari ya majina yetu hadi kwenye karatasi

Wasikilizaji wetu wanajua kazi ya komunike. Mtu anafika redioni na karatasi mkononi. Analeta habari ya kilio, ya mtoto aliyepotea njiani wakati wa kukimbia, au ya familia zinazoitwa kuhesabiwa. Sisi tunasoma, na vijiji vinasikia.

Siku moja nililetewa karatasi ya namna hiyo. Ilikuwa imepigwa kwenye ordinateri, na ilikuwa na majina ya familia zilizokimbia vijiji vya kandokando ya Mbau. Katikati ya ukurasa nikakuta jina limeandikwa hivi: EspÃ©rance. Mistari michache chini yake kulikuwa na DÃ©sirÃ©. Nilielewa kwamba ni Espérance na Désiré, nikasoma kama kawaida, na hakuna msikilizaji aliyejua kwamba karatasi ina ugonjwa.

Lakini siku ya kugawa msaada, mama mmoja mwenye jina hilo alisimama mbele ya meza na kadi yake. Aliyeshika ordinateri aliandika jina kama lilivyo kwenye kadi, mashine ikajibu kwamba mtu huyo hayuko. Mama akaambiwa arudi siku nyingine. Alikuwa ametembea tangu asubuhi, mtoto mgongoni.

Redio haina shida ya herufi. Sauti ikitoka imetoka. Karatasi ni kitu kingine. Tangu siku ile nimeuliza walimu, mapadri, na vijana wa sekretariati na imprimeri za Beni na Butembo: kwa nini mashine inaharibu majina ya watu? Nimekuta kwamba kosa lile halikuwa la yule mama, wala la kijana aliyepiga orodha peke yake. Lina historia ndefu, na historia hiyo inatuhusu sisi tunaobeba majina yetu kutoka kambi moja hadi nyingine.

Kiswahili kabla ya herufi za Ulaya

Wengi wetu tunafikiri Kiswahili kilianza kuandikwa na wamisionari. Sivyo. Barua za Kiswahili za zamani kabisa ambazo zimebaki ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na leo ziko katika hifadhi ya nyaraka huko Goa, India. Watu wa pwani waliandika hivyo mashairi, hesabu za biashara na barua za familia.

Herufi hizo zilifika hata Kongo pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa. Tippu Tip, ambaye jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyeziandika upya kwa herufi za Kilatini na kuzichapisha mwaka 1902 na 1903. Barua nyingine za waungwana wa Kongo ziko mpaka leo katika nyaraka za Ubelgiji, na profesa Xavier Luffin wa Brussels amezisoma na kuzitoa. Hata katika msitu wa Ituri, jirani na sisi, Stanley alipopita mwaka 1887 aliwakuta watu wa Kilonga-Longa wamekaa Ipoto. Njia hizo ndizo zilizotuletea Kiswahili, na tusisahau kwamba wazee wetu walilipa bei kali kwa kupitiwa nazo.

Herufi za Kiarabu zilikuwa na upungufu wake. Kiarabu kina alama tatu tu za vokali, na Kiswahili kina vokali tano. Neno «kuku» na neno «koko» yaliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji alichagua kwa kufuata maana. Hakukuwa na herufi ya «p» wala ya «v». Mombasa alikuwako mwanachuoni, Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890, ambaye aliongeza alama na nukta ili kila sauti ya Kiswahili ipate herufi yake. Kwa hiyo kazi ya kutafutia sauti za Kiafrika mahali kwenye karatasi haikuanzishwa na Wazungu. Mswahili alikwisha kuifanya kwa kalamu ya mwanzi.

Kasha la risasi

Mwaka 1864 wamisionari Waanglikana walifika Zanzibar na mashine ya kuchapa. Mmoja wao, Edward Steere, alichapa huko mwaka 1865 sehemu za kwanza za kitabu chake cha kufundisha Kiswahili. Kuchapa kwa wakati ule kulikuwa hivi: kila herufi ni kipande kidogo cha madini yenye risasi, kimewekwa katika kasha lenye vyumba. Mchapaji anaokota kimoja kimoja, anapanga neno, anapanga mstari. Kama kasha halina herufi fulani, neno halichapwi, au linachapwa na herufi nyingine inayofanana nayo.

Steere alitumia konsonanti kama zinavyosomwa kwa Kiingereza na vokali kama za Kiitaliano. Hakuweka nukta juu wala mikia chini ya herufi. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili chote kiliingia katika kasha la kawaida la mchapaji wa London, bila kuagiza kipande hata kimoja cha pekee. Mwaka 1930, halmashauri iliyoundwa kwa ajili ya Kiswahili cha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilikuta njia imekwisha kufyekwa, ikaendelea kuwa na herufi hizo hizo.

Ndiyo maana leo Kiswahili kinapita popote: katika mesaji ya simu ya bei ndogo, kwenye fakture, kwenye bandarole ya harusi. Alama moja tu ndiyo inayosumbua, ule mkwaju wa juu katika «ng'». Hapa kwetu wengi hatuuweki. Mashine nayo inajua mikwaju zaidi ya mmoja inayofanana kwa macho lakini ni tofauti ndani yake. Hata hivyo hiyo ni shida ndogo. Kiswahili kilikuwa na bahati. Lugha za nyumbani hazikuipata.

Kavugho, Kavuho, Kavuo

Tuchukue jina ambalo kila mmoja wetu analijua: Kavugho. Ukilisema kwa Kinande, sauti ya pili si «v» ya Kifaransa, ambayo meno yanagusa mdomo wa chini. Ni midomo miwili inayokaribiana bila kufunga. Na ile «gh» ni sauti ya koo ambayo Kifaransa hakina. Sauti mbili katika jina moja, na hakuna hata moja yenye herufi kwenye mashine iliyotoka Paris au Brussels.

Basi kila mwandishi aliandika alivyosikia. Mmoja ameandika Kavugho, mwingine Kabugho, mwingine Kavuho, mwingine Kavuo. Kavira na Kabira ni jina moja. Banande na Vanande ni watu wale wale. Ukivuka Semuliki, kwa ndugu zetu Bakonzo wa Uganda, unakuta Kambale anaitwa Bwambale, Kasereka ni Masereka, na Kakule ni Kule. Huko majina yameandikwa na shule ya Kiingereza, huku na shule ya Kifaransa.

Na vokali je? Wanaisimu wanahesabu katika Kinande vokali saba za msingi. Kwenye vyeti tunaandika tano. Wanaotaka kuona kazi kamili wanaweza kutazama kamusi ya Kinande na Kifaransa ya Kavutirwaki na Mutaka, iliyotolewa na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, mwaka 2012. Yaliyompata mwandishi wa Kiswahili na alama tatu za Kiarabu, ndiyo yanayompata Munande na herufi tano za Kilatini.

Si kwamba hakuna aliyefikiri dawa. Mwaka 1926 iliundwa London taasisi ya lugha na tamaduni za Afrika, na Mjerumani Diedrich Westermann alikuwa mmoja wa viongozi wake. Ilitoa alfabeti ya Afrika, iliyorekebishwa mwaka 1930. Wazo lake lilikuwa rahisi: nukta na aksanti zinadondoka ovyo mtu akiandika haraka, kwa hiyo ni afadhali sauti mpya ipewe herufi mpya kamili. Alfabeti hiyo ina ʋ kwa ile «v» ya midomo miwili, na ɣ kwa ile «gh» yetu. Jina letu lingeandikwa Kaʋuɣo, na lisingekuwa na ndugu wanne wa uongo. Waewe wa Ghana na Togo walizichukua herufi hizo, na wanaziandika mpaka leo.

Kwetu hazikuingia katika vyeti. Mapadri Waasumpsioni walifika eneo la Beni mwaka 1929, shule zikafunguliwa, vitabu vya ubatizo vikajaa majina. Lakini kila aliyeandika jina, awe padri, karani wa teritwari au mwalimu, alikuwa na kalamu iliyosomea Kifaransa au Kiflemi, na baadaye mashine ya kupiga iliyotengenezwa kwa lugha hizo.

Mashine ya Kifaransa na majina ya Zaire

Mashine hiyo wazee wanaikumbuka. Klavie yake inaanza na A-Z-E-R-T-Y. Ina «é», «è», «ç» na «à», lakini kwa herufi ndogo tu. Ukibonyeza herufi kubwa, mahali pale pale panatoka namba. Na kwa kuwa vyeti vingi vinataka jina kwa herufi kubwa, Espérance akawa ESPERANCE, Désiré akawa DESIRE. Kizazi kizima kilikua bila aksanti kwenye cheti, huku kikiziandika shuleni kwenye daftari. Mtu mmoja, majina mawili, na hakuna aliyekosea.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulikataza majina ya Kikristo, kila mtu akatakiwa kubeba majina ya asili. Majina ya ubatizo yalirudi baadaye, na ndiyo sababu fomu za Kongo mpaka leo zina vyumba vitatu: jina, jina la nyongeza, na jina la ubatizo.

Wanaotoka nje wanashangaa kwa nini tunahitaji vyote vitatu. Sisi tunajua. Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Katika kambi moja kuna Kambale wengi kuliko unavyoweza kuita kwa zamu. Jina la kwanza halitoshi kumtambua mtu. Yanayomtambulisha ni yale mengine mawili. Kwa hiyo aksanti moja ikiharibika kwenye jina la ubatizo, na «gh» ikipotea kwenye jina la nyongeza, mtu anapotea katika kundi la wenzake.

Wataalamu wa Zaire waliiona shida hii. Mwaka 1974 wanaisimu walikutana Lubumbashi wakapendekeza maandishi ya namna moja kwa lugha za nchi, pamoja na herufi ɛ na ɔ. Faida yake inaonekana wazi katika Lingala. Bila alama, «moto» ni mtu. Lakini mɔ́tɔ ni moto wa kuwaka, na motó ni kichwa. Kitabu cha masomo kiliweza kueleza hayo. Mashine ya kupiga ya ofisi haikuweza, kwa sababu haikuwa na ɛ wala ɔ. Pendekezo likabaki vitabuni, watu wakaendelea kuandika «moto» tu.

Ordinateri ilizaliwa Marekani

Watu wengi walidhani ordinateri itamaliza shida hizi. Mwanzoni iliongeza nyingine.

Ordinateri haijui herufi, inajua namba. Kila herufi lazima ipewe namba yake. Mwaka 1963 Wamarekani walipatana juu ya orodha iitwayo ASCII, yenye nafasi 128. Iliwatosha wao. Kiswahili pia kilitosha humo, kwa bahati ile ile ya Steere. Lakini Kifaransa hakikutosha: hakuna «é» hata moja.

Mwaka 1987 ikatoka orodha ya kimataifa kwa lugha za Ulaya Magharibi, yenye nafasi 256. Sasa «é» na «ç» zikapata namba. Lakini «œ» ilisahauliwa, ile ya neno «sœur». Ilingojea orodha nyingine ya mwaka 1999. Mji kama Butembo, wenye nyumba nyingi za watawa, ulizoea kuandika «soeur» kwenye mialiko ya nadhiri, na wengi wanaandika hivyo mpaka leo. Kama Wafaransa wenyewe walisahauliwa, wewe unadhani ɔ ya Lingala au ʋ ya Kinande ilikuwa na nafasi gani?

Wanaisimu wakafanya ujanja. Shirika la SIL, linalofanya kazi ya lugha na tafsiri ya Biblia, lilitoa katika miaka ya 1990 fonti zilizoitwa IPA93. Kabla sijaendelea: fonti ni mkusanyo wa maumbo ya herufi ambayo ordinateri inatumia kuonyesha na kuchapa. Vijana wa sekretariati wanaiita «polisi», kama Kifaransa kinavyosema. Wala haina uhusiano na polisi wa barabarani. Katika fonti zile, umbo la ɛ liliwekwa juu ya namba ya alama nyingine isiyotumika sana. Kwenye ordinateri yako unaona ɛ. Ukipeleka faili kwa rafiki asiye na fonti hiyo, anaona ile alama nyingine. Kazi ya miaka mingi iliweza kugeuka makapi kwa kuhamishwa tu kutoka chumba hadi chumba.

Namba moja kwa kila herufi ya dunia

Suluhisho lilianza mwaka 1991 na mpango uitwao Unicode: kila herufi ya kila lugha ipewe namba yake peke yake, isiyobadilika popote ilipo. Kichina, Kiarabu, Kihabeshi, wote ndani. Na ɛ, ɔ, ʋ na ɣ zimo tangu matoleo ya mwanzo.

Mwaka 1992, Ken Thompson na Rob Pike walibuni namna ya kuandika namba hizo, iitwayo UTF-8. Waliichora mezani katika mgahawa wa New Jersey, Marekani. Katika UTF-8, herufi za kawaida zinachukua kipande kimoja, na «é» inachukua vipande viwili. Hapa ndipo tunarudi kwa yule mama. Faili iliandikwa kwa UTF-8, kisha ikafunguliwa na programu iliyodhani inasoma orodha ya zamani ya nafasi 256. Badala ya kuunganisha vipande viwili kuwa «é», ilisoma kila kimoja peke yake: cha kwanza kikawa Ã, cha pili kikawa ©. Ugonjwa wa EspÃ©rance ni huo tu. Faili haikuharibika, ilisomwa vibaya, kama mtu anayesoma barua ya Kinande akidhani ni Kifaransa.

Fonti nazo zilibadilika. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ilileta PostScript, na fonti zake za Type 1 zikatawala imprimeri za dunia, lakini kwa kawaida zilifanya kazi na nafasi 256 kwa mara moja. Mwaka 1991 Apple ilileta TrueType, na mwaka uliofuata Microsoft ikaiingiza katika Windows. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe wakatangaza OpenType, iliyounganisha njia hizo mbili, na mwaka 2007 ikakubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa. Adobe iliacha kuhudumia Type 1 katika programu zake mwezi wa kwanza mwaka 2023. Imprimeri yenye kazi za zamani za Type 1 inaweza kuzifungua leo na kukuta herufi zimebadilika.

Fonti moja ya OpenType inaweza kubeba maumbo 65.535. Na zaidi ya maumbo, inabeba maagizo. Chukua ɛ́, yaani ɛ yenye sauti ya juu. Haina namba moja ya kwake. Ordinateri inaweka ɛ halafu inaweka aksanti juu yake. Fonti iliyofundishwa inajua mahali pa kuiweka. Fonti isiyofundishwa inaitupa kando, au inaonyesha kisanduku kitupu. Mtu aliyeona visanduku vitupu kwenye kadi ya mwaliko anajua aibu yake.

Jambo la kufurahisha ni kwamba fonti nzuri kwa lugha zetu ni za bure. SIL, wale wale wa ujanja wa zamani, walitengeneza Charis, Doulos na Gentium zenye herufi za Afrika, na tangu mwaka 2005 wana leseni inayomruhusu mtu yeyote kuzitumia na kuzigawa. Mwaka 2016 Google ilitoa mkusanyo wake wa Noto, nao wa bure, ukiwa na lengo la kuondoa visanduku vitupu katika lugha zote.

Kazi haijaisha kwa wote. Ndugu wawili wa Guinea, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walibuni wakiwa watoto, mwaka 1989, maandishi ya Adlam kwa lugha ya Kifulani, na Unicode iliyapokea mwaka 2016. Lakini Mandombe, maandishi yaliyoanzishwa na Mkongo mwenzetu Wabeladio Payi mwaka 1978, hayakuwemo katika toleo la mwaka 2022. Waandishi wake wanaishi katika hali ya ile IPA93: wasipokuwa na fonti ya pekee, hawasomeki.

Mlango umefunguka, nani anaingia?

Nilichojifunza ni hiki. Kwa muda wa miaka mia na zaidi tuliandikwa na mashine zisizokuwa na herufi zetu. Lilikuwa kosa la kasha, la klavie, la orodha ya nafasi 256. Leo sababu hiyo imekwisha. Simu ya kijana wa Mbau ina uwezo wa kuonyesha Kaʋuɣo. Mfanyabiashara wa Butembo anayenunua bidhaa Dubai na China anaweza kuchapa kadi moja yenye Kifaransa, Kiswahili, Kiarabu na Kichina, na kila neno likasimama sawa. Kama biashara inapata heshima hiyo, jina la mkimbizi wa vita lina haki ya kuipata.

Simaanishi kwamba kesho tuanze kubadilisha vyeti na kuweka ʋ na ɣ. Hapana. Kubadili jina kwenye cheti kimoja wakati vingine vina jina la zamani ni kujitafutia taabu. Namna ya kuandika Kinande iamuliwe na wenye lugha pamoja na wataalamu wao. Lakini kuna mambo madogo ambayo hayangoji mkutano.

La kwanza ni kwa familia. Chagueni karatasi moja iliyo safi zaidi, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au kadi ya mchaguzi, na andikeni jina lile lile kila mahali, herufi kwa herufi. Tangu Oktoba 2014, familia imeweza kutoka kijijini kwenda Mbau, kisha Oicha, kisha Beni, kisha Butembo, na kila mahali kalamu mpya inaandika jina upya. Mtoto aliyeanza kama Kavugho asifike darasa la sita akiitwa Kavuo. Waandikieni watoto jina lao kwenye karatasi ndogo, walikariri kama wanavyokariri namba ya simu ya baba.

La pili ni kwa vijana wa sekretariati na imprimeri. Ukipokea faili kwenye flashi, tafuta kwanza Ã. Ukiiona, usisahihishe jina moja moja. Funga, fungua tena ukichagua UTF-8, na majina yote yatapona kwa pamoja. Ukipeleka kazi kuchapwa, ipeleke kwa PDF iliyobeba fonti ndani yake, ili mashine nyingine isiweke fonti yake. Na kabla ya kuchapa mia tano, chapa moja, umpe mwenye jina aisome.

La tatu ni kwa wanaoandaa orodha. Mashine ifundishwe kutafuta Espérance na Esperance kama mtu mmoja, na Kavugho karibu na Kabugho. Jambo hilo linawezekana. Na jina lisipopatikana, kabla ya kumrudisha mtu, lisomwe kwa sauti. Sikio la Munande litatambua mara moja kile ambacho mashine imekataa.

Yule mama alipata haki yake baadaye. Si kwa sababu mashine ilitubu, bali kwa sababu jirani yake alisimama akasema: huyu namjua, tumetoka naye kijiji kimoja. Ushuhuda wa jirani ndio uliotuokoa siku zote. Lakini vita imetawanya majirani. Aliyefika peke yake Butembo, asiyejulikana na mtu katika mtaa ule, hana shahidi mwingine ila karatasi yake.

Kuna orodha nyingine pia ambayo hatupendi kuisoma, ile ya ndugu zetu waliouawa. Hao hawawezi kurudi kesho yake kusahihisha. Kwa hiyo anayepiga majina yao kwa ajili ya misa, ibada au jiwe la ukumbusho, asiharakishe. Amwulize mama, amwulize kaka.

Na sisi redioni tuna ombi. Ukileta komunike iliyopigwa kwenye ordinateri, andika kando kwa kalamu majina yale ambayo mashine imeyavuruga, au ngoja kidogo mlangoni utusomee mwenyewe. Tutayasema kama ulivyoyasema.